Frateri Yuko Likizo

Frateri akija likizo, nyumba hubadilika kabla hata hajashuka garini. Shuka jipya limetandikwa, wadogo zake wamehamishiwa chumba cha bibi ili kaka alale peke yake, na jogoo aliyekuwa akitamba uani amefungwa kamba mguuni nyuma ya jiko. Jirani anayepita na ndoo anaita kutoka njiani, "Mama padre, nasikia mgeni kafika!" Na mama, badala ya kumrekebisha, anaitika kwa kicheko.

Leo nataka kusema na huyo kijana, na nyumba yake pia, maana makosa ya likizo ya frateri hayafanywi na mtu mmoja. Mifano yangu ni ya Kilimanjaro, upande wa Kibosho na Uru, kwa kuwa ndiko ninakokaa. Msomaji wa Bukoba, Songea au Sumbawanga atabadilisha mazao ya shambani. Mengine nadhani atayakuta yaleyale.

Tuanze kwa kukubaliana frateri ni nani. Wengine wameanzia seminari ndogo wakiwa watoto wa kidato cha kwanza, wengine wameingia wakubwa baada ya kidato cha sita au baada ya kufanya kazi. Wote watapita mwaka wa malezi, watasoma falsafa, kisha theolojia, na katikati watapelekwa parokiani kuona kazi yenyewe. Sheria ya Kanisa inataka falsafa na theolojia peke yake zisipungue miaka 6 kamili. Hakuna kupewa ushemasi kabla ya kutimiza miaka 23, wala upadre kabla ya 25, na kati ya daraja hizo mbili ipite walau miezi 6. Sasa sikilizeni jambo ambalo majirani wengi hawalijui: kwa sheria hiyohiyo, mtu huingia katika kundi la makleri siku anapopewa ushemasi. Siku ya kuvishwa kanzu haimtoi mtu kundi moja kumpeleka jingine. Yule kijana mwenye kanzu nyeupe anayesoma somo la kwanza Jumapili, ambaye bibi yake keshamwona anakaa kiti cha Kardinali Rugambwa, bado ni mlei kama mimi na wewe. Kwa lugha ya nyumbani, ni mtoto wa fulani, amekuja likizo.

Kanisa lenyewe halikusudii awe kitu kingine. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu malezi ya mapadre, uliitaja familia yenye imani kuwa ni kama seminari ya kwanza. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 alipanga malezi hayo katika sehemu nne: utu, roho, akili na uchungaji, akasema utu ndio msingi wa zote. Akaeleza kwamba utu wa padre unatakiwa uwe daraja la kuwafikisha watu kwa Kristo, usiwe kizuizi. Walezi seminarini wanaweza kumpima kijana kwa mtihani wa Kilatini na kwa kengele ya asubuhi. Hawawezi kumwona anavyoongea na dada yake.

Julai iliyopita nilikuwa kwenye nyumba moja huku kwetu. Frateri amekaa kibarazani na kitabu kinene cha maisha ya Mtakatifu Augustino, viatu vimeng'arishwa. Dada yake, wa kidato cha pili, akaingia kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa kiasi kwamba alilazimika kupita kiupande pale kwenye ua wa masale. Umande wa majani ulikuwa unamchuruzika shingoni hadi mgongoni. Kaka akainua macho, akasema, "Pole, dada," akafunua ukurasa. Binti akajibu, "Asante, kaka," akazunguka nyuma bandani. Haukupita muda akarudi na birika, akammiminia kaka yake chai kwanza, kisha mimi mgeni. Miguu ilikuwa bado na tope.

Hakuna aliyemkosea adabu mwenzake pale. Maneno yote yalikuwa ya heshima, na mama alikuwa anatabasamu mlangoni. Lakini mwanangu, kama unasoma haya, jua kwamba mzigo ule ulikuwa na sehemu yako. Julai huku kwetu ndiyo kahawa inaanza kuiva. Mbivu lazima zichumwe, zimenywe kwa mashine ya mkono jioni hiyohiyo, zivundikwe, zioshwe, zianikwe kichanjani na kugeuzwa zisipate ukungu. Kahawa hiyo ndiyo iliyosomesha Kilimanjaro, na kwa sehemu kubwa ndiyo iliyokununulia wewe godoro na vitabu. Kushika mpini wa ile mashine hakukupunguzii wito. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wewe hata hizo siku mbili huna, kwa sababu hukuja ugenini.

Na zaidi ya shamba kuna kazi ambayo mafrateri wengi huikwepa kwa sababu haina wa kuiona: wagonjwa wa nyumbani. Kama bibi hatoki kitandani, kuna mtu anamgeuza, anamwosha, anabadilisha mashuka, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mara nyingi ni shemeji yako au dada yako. Kwenda kumshika mkono bibi, kumsomea zaburi na kupiga naye picha ni vizuri, ila hiyo ni ziara. Uliza sufuria la maji ya moto liko wapi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa hoja kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu. Hoja hiyo haijafa. Siku hizi inavaa vizuri na inasema, "Mimi nimeshajitoa kwa Kanisa, mambo ya nyumbani wako wenzangu."

Nisionekane namwonea. Kuna wazazi wanaomgawa kijana vipande vipande: asubuhi shamba, mchana kwa shangazi, jioni kwenye vikoba akafungue kikao kwa sala, kesho Moshi mjini kumsindikiza mjomba hospitali, keshokutwa msibani. Naye ana masomo, ana paroko aliyemkabidhi watoto wa kipaimara, na ana haki ya kulala mpaka saa moja siku mbili tatu baada ya muhula mzima wa kuamshwa na kengele. Mpangeni ratiba pamoja naye, mkae mezani mzungumze kama watu wazima. Mwenyewe aseme, "Asubuhi nitakuwa shambani, baada ya chakula cha mchana naomba nisome." Nyumba ikijua hivyo, haitamwona mvivu akishika kitabu saa nane.

Chakula chenyewe kinahitaji neno. Usikubali kula peke yako sebuleni na paja la kuku huku wadogo zako wanakwangua sufuria jikoni. Mama atasema ni heshima. Mwambie kwa upole, "Mama, seminarini tunakula wengi meza moja, nikila peke yangu hakipandi." Atakuelewa upesi kuliko ukimtolea hotuba ya usawa. Sahani ukimaliza, nyanyuka nayo.

Halafu kuna sala za jioni, na hapa vijana wetu hukosea kwa nia njema kabisa. Nyumba nyingi zina mtu wake wa kuongoza rozari. Pengine ni baba, mara nyingi ni bibi, aliyeiongoza tangu watoto wa nyumba hiyo hawajazaliwa. Anachanganya Kiswahili na Kichaga, anaruka tendo la nne akirudi nyuma kulitafuta, anataja marehemu wote wa ukoo mpaka watoto wanasinzia. Frateri anafika, anachukua rozari kutoka mikononi mwake na kusema leo tutasali Masifu ya Jioni kama seminarini. Wiki inakwisha, frateri anaondoka, na bibi hajui tena kama sala yake ilikuwa halali. Mwacheni bibi aongoze. Wewe Masifu yako yasali alfajiri chini ya mgomba, hakuna atakayekuzuia. Akikuomba usome Injili, soma. Akikuomba ufafanue, fafanua kwa maneno ambayo mdogo wako wa darasa la tatu anaweza kuyarudia kesho. Eskatolojia iache bwenini.

Hilohilo linahusu katekista wa kigango, na kwa kweli hapa ndipo ninapokasirika. Katekista ndiye aliyekufundisha Ishara ya Msalaba. Ndiye anayeongoza ibada Jumapili ambazo padre hafiki, anayezika, anayepita kwa miguu kukusanya majina ya watoto wa ubatizo, na posho yake, anapoipata, haitoshi kununua hata hizo raba anazomalizia njiani. Nimemwona frateri wa mwaka wa pili wa falsafa akimsahihisha mtu wa namna hiyo mbele ya waamini, juu ya rangi ya kitambaa cha altare. Alikuwa sahihi kuhusu rangi. Waamini walitazama chini, mzee akabadilisha kitambaa kimyakimya. Kijana wangu, neno la namna hiyo lina mahali pake, nalo ni sakristia mlango ukiwa umefungwa, na linaanza na "Shikamoo, mwalimu."

Sasa fedha. Frateri hana mshahara, na kila mtu anajua. Kwa hiyo wamama wa jumuiya wanamkunjia noti mkononi wakimsalimia, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanamletea bahasha, mfanyabiashara mmoja anamwahidi viatu. Sadaka hizo ni tamu na zina mtego. Pokea kwa shukrani unachopewa bila kuomba, ukiandike, na kiasi kikiwa kikubwa mwambie paroko. Lakini ukianza kuzitafuta umeingia kazi nyingine. Kuna ujumbe wa simu ambao wasomaji wangu wengi wameshaupokea: unaanza na Tumsifu Yesu Kristo, unapita kwenye salamu za familia, unaeleza hali ngumu ya chuoni, na unaishia kwenye namba ya kutumia pesa. Ujumbe mmoja umetumwa kwa watu arobaini, na mpokeaji wa kwanza na wa mwisho wanasali jumuiya moja, wanaonyeshana. Ukiwa na shida ya kweli, kuna wazazi, kuna paroko, kuna gombera, mkuu wa seminari yako. Na kabla ya kumwomba mama simu mpya, uliza ada ya mdogo wako imelipwa au bado. Katika nyumba nyingi mtoto wa seminari analipiwa kwanza, wengine wanasubiri kahawa iuzwe, na yule anayesubiri zaidi ni wa kike. Wazazi hawatakwambia. Uliza.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo siwezi kuiruka, ingawa najua kuna makanisa jirani ambako mada hii isingeandikwa kabisa. Kwetu, Jumapili baada ya misa wazee hukaa, na kata huzunguka. Mzee aliyekushika mkono siku ya komunyo ya kwanza akikunyooshea kata, kumgeuzia uso ni tusi, na kumhubiria juu ya ulevi palepale ni tusi kubwa zaidi. Ipokee kwa mikono miwili, onja, mpitishie wa pembeni, kaa nao kidogo uwasikilize, kisha aga. Kama hunywi kabisa, ipokee vilevile, shukuru, mpitishie. Hakuna atakayekulazimisha. Kinachosemwa mtaani ni frateri aliyeonekana saa mbili usiku bado yuko kwenye benchi la kilabu na sauti yake inasikika barabarani.

Kuhusu wasichana nitasema machache, kwa kuwa seminarini mmeshaambiwa mengi. Uliosoma nao shule ya msingi ni marafiki zako. Wasalimie, wapongeze wakiolewa, mbebe mtoto wa mwenzako akuchafue shati. Frateri anayemkimbia kila mwanamke atakuwa padre asiyeweza kumsikiliza mama mwenye shida. Mazungumzo yenu yafanyike barazani, na simu zako za usiku ziwe za aina ambayo dada yako akiisikia hutabadilisha sauti. Na ikitokea kwamba moyo umeshapenda, mwambie padre wako wa kiroho mapema, na umwambie huyo binti ukweli. Usimweke kwenye foleni ukisubiri kuona upadre utakuwaje. Yeye naye ana miaka yake.

Nirudi kwa wazee, kwa baba hasa, ambaye siku zote za likizo hii amekaa kimya huku mama akipokea hongera. Wengi hawamwulizi ana nini. Kwa mila zetu za Kichaga, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba na kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye kihamba ndiko makaburi ya babu zetu yaliko. Sasa kitinda mimba huyo ndiye yuko theolojia mwaka wa pili. Baba amemtoa kwa Mungu, amesaini fomu, amechinja. Usiku anahesabu: nani atapalilia migomba hii, nani atamwita mtoto kwa jina langu? Hatasema, kwa kuwa akisema ataonekana anamnyang'anya Mungu. Matokeo yake anafoka juu ya mambo madogo, na kijana anadhani baba hampendi.

Kijana, jambo hili ni wewe wa kulianzisha. Chagueni siku mnakwenda pamoja kuangalia mfereji au kukata migomba iliyoanguka, umwambie, "Baba, tuongee kuhusu kihamba." Mweleze mambo yalivyo. Padre wa jimbo huahidi useja na utii kwa askofu wake. Nadhiri ya ufukara ni ya watawa. Kwa hiyo Kanisa halimkatazi padre wa jimbo kuwa na kipande cha ardhi. Lakini wajukuu kutoka kwako hawatakuwapo, na kumwambia mzee "tutaona" ni kumtesa. Sikiliza anachotaka. Wapo baba wanaotaka tu kujua kwamba mwana atakuja kuzika na kusali hapo. Wengine wana mtoto wa kaka wanayemfikiria na wanaogopa kukuudhi kwa kumtaja. Na kama unaona aibu kuzungumzia mali, basi zungumzia ya dada zako. Mila imewaruka muda mrefu, na sauti ya ndugu wa kiume asiye na mtoto wa kumpigania inaweza kusikilizwa pale ambapo zao hazisikilizwi. Yule aliyebeba majani amekifanyia kihamba kile kazi kuliko ninyi wote.

Ila usikubali kugeuzwa hakimu. Ndugu wakigombana mpaka, wataletana kwako kwa sababu umevaa kanzu, na kila mmoja atataka umwambie mwenzake kwamba Mungu yuko upande wake. Wewe ni mdogo wao. Kaa na wazee wa ukoo, sikiliza, na ukiulizwa toa maoni yako kama ndugu.

Maparoko wetu nao wana sehemu. Mwisho wa likizo paroko huandika barua kwa gombera kueleza mwenendo wa kijana. Padre anaandika alichokiona, na alichokiona ni kijana altareni, kijana kwenye kwaya, kijana akimfungulia geti. Baba paroko, kwa heshima zote, kabla ya kuandika pita nyumbani kwao bila taarifa. Muulize katekista. Muulize dada yake, tena mama yao akiwa mbali. Inapokaribia daraja takatifu majina hutangazwa kanisani, na waamini huombwa waseme kama kuna kizuizi. Hakuna mtu atakayesimama siku hiyo kusema fulani hakuwahi kumwosha bibi yake. Likizo ndipo mambo kama hayo yanapoonekana, na kijana bado anarekebishika.

Sasa mama. Nimekuacha mwisho, dada yangu, kwa sababu maneno yangu kwako ni mazito kidogo. Najua umeshanunua vitenge. Najua kuna ndama ambaye haruhusiwi kuuzwa hata ada ikigoma, kwa kuwa ni wa misa ya shukrani. Najua ukiitwa mama padre moyo unapanda, na una haki, umelea. Lakini mtoto wako analisikia jina hilo akiwa chumbani, na pengine usiku huo anasali sala ambayo hawezi kukusimulia. Shaka humjia kila frateri. Malezi ya miaka mingi namna ile yamewekwa makusudi ili shaka ipate nafasi ya kuulizwa. Kijana apime, na Kanisa limpime. Waliopanga safari hiyo wamekubali kabisa kwamba baadhi watatoka njiani, na kwao kutoka kwa ukweli ni tunda la malezi. Ni sisi huku nyumbani tunaohesabu kuwa ni msiba.

Ukisoma kitabu cha kwanza cha Samweli, utamkuta Hana aliyemtoa mwanawe hekaluni akiwa mdogo. Kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa sadaka. Kila mwaka lingine, kwa kuwa mtoto alikuwa amekua. Hakushona joho la nabii akaliweka sandukuni kumsubiri. Alikwenda na kipimo cha mtoto alivyo mwaka huo. Nawe mpime mwanao hivyo akishuka garini: amekonda, amenenepa, anacheka kama zamani, au anacheka kwa kuwa unamtazama? Mtafutie saa moja peke yenu jikoni, mnamenya ndizi, umwambie maneno haya waziwazi, kwa kuwa asipoyasikia kwa kinywa chako hatayaamini: "Ukifika mwisho nitafurahi. Ukiona si njia yako, chumba chako kipo."

Na akija kweli siku moja na begi lake katikati ya muhula, kuna mambo ya kufanya. Usimfiche ndani wageni wakija. Usimpeleke kwa shangazi Dar es Salaam ili majirani wasahau. Usiulize usiku wa kwanza alifanya kosa gani, kwa kuwa wengi hawakufanya kosa lolote. Waliuliza swali, wakapata jibu. Jumapili mkaingie wote kanisani, mkae benchi lenu la siku zote. Baba amsindikize kwa paroko kufuatilia barua na vyeti, maana aliyesoma falsafa miaka mitatu ana elimu inayoweza kumfikisha darasani kufundisha, au chuo kingine, na watu walioacha seminari wamefanya mengi. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo, alikuwa mwanafunzi wa seminari kuu ya Kabwe kule Kasai kabla ya kuwa mwalimu, kisha karani, kisha mwanasiasa. Simtaji ili umtafutie mwanao urais. Ungeanza kuitwa mama rais.

Majirani wataongea wiki mbili tatu, halafu kutakuwa na jambo jingine la kuongea. Atakayeendelea kukuita mama padre kwa kebehi, mwitikie kwa jina lake na umuulize watoto wake hawajambo. Ndama muuze, ulipe ada ya binti. Na vile vitenge usiviuze kwa hasira: ni sare, vimenunuliwa vya kutosha ukoo mzima, na kijana mwenyewe bado hajafika thelathini. Vinafaa hata harusini.